Laini Iliyovunjwa Mbele ya Wazee

"Code imetumwa," akasema Salmin, karani wa kliniki ya figo, bila kuondoa macho kwenye kompyuta. "Nisomee."

Gedion Kimaiyo akaitazama simu yake. Cheruto, mkewe, naye akaitazama. Simu ilikaa kimya kwenye kiganja kile kipana cha fundi wa mawe, na nyuma yao foleni ya wagonjwa wa Jumanne ikaanza kuguna.

"Haijaingia," akasema Gedion.

"Imeenda kwa namba inaishia na mbili-mbili-sita. Si yako hiyo?"

Namba hiyo Cheruto aliijua kwa kichwa, kwa sababu aliichukia kuliko kitu chochote duniani.

"Hiyo laini haiko," akasema. "Ilivunjwa."

"Ilivunjwa na nani?"

Mke na mume wakatazamana. Salmin akashusha pumzi, akageuza kiti. Mpaka mwezi uliopita, alieleza, alikuwa anaandika jina la mgonjwa kwenye daftari na mambo yanaisha. Sasa bima imeleta mtambo mpya. Mtambo unataka kidole au code, moja kati ya hizo mbili. Kidole walikuwa wameshajaribu. Gedion aliweka vyote kumi, kimoja kimoja, na mtambo ukakataa vyote. Miaka ishirini ya simiti na mawe ya Njoro ilikuwa imezilamba zile alama za vidole hadi ngozi ikabaki laini.

"Basi weka hii namba mpya," Cheruto akasema. "Si ni kuandika tu?"

"Kubadilisha namba, mtambo unatuma code kwa ile ya zamani kwanza. Ndio ujue ni yeye mwenyewe."

"Lakini ni yeye! Si huyu hapa? Si umemwona kila Jumanne na Ijumaa tangu Machi?"

"Mimi namjua, mathe. Mtambo ndio haumjui." Salmin hakuwa mtu mbaya. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. "Nendeni kwa duka la simu wawarudishie hiyo laini. Ni kitu ya dakika kumi. Ama mlipe cash leo, nitawaingiza sasa hivi."

Cash ya siku moja ya mashine ya kusafisha damu ilizidi faida ya mwezi mzima ya mboga za Cheruto. Wakatoka. Gedion alitembea akiburuta viatu alivyovikanyaga visigino, maana miguu ilikuwa imevimba na haikuingia tena. Damu yake ilisafishwa mara ya mwisho Ijumaa, na mkojo alikuwa hapati tena. Maji yote aliyokunywa tangu siku hiyo yalikuwa bado ndani yake.

"Kesho nitaenda kwa duka," akasema.

"Twende leo."

"Nimechoka, Mama Kim. Nimesema kesho."

&nbsp;

Laini hiyo ilivunjwa Januari, sebuleni kwao hapo Kaptembwo, mbele ya Mzee Elphas wa kanisa na wazee wengine wawili na wake zao. Cheruto alikuwa amekuta meseji za Zeddy, mwanamke anayewapikia mafundi, kwenye simu ya mumewe. Alisusa chakula, akasusa kitanda, mwisho akaita wazee. Wazee walitaka Gedion atubu kwa maneno. Cheruto akasema maneno ameyasikia tosha, yeye anataka laini. Alitaka ivunjwe hapo hapo aone kwa macho yake.

Gedion aliitoa kwenye simu, akaikata kwa koleo lake la kukatia waya. Wake za wazee wakapiga vigelegele. Mzee Elphas akaomba, chai ikamiminwa, na Cheruto akalala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Hakuna aliyejiuliza ni vitu gani vingine vilivyokuwa vimefungwa kwenye kile kipande cha plastiki. Nani angeuliza? Walikuwa wanaponya ndoa.

Sasa Cheruto alikuwa akikata sukuma wiki kwenye kibanda chake cha mboga. Ni mimi niliyesema ivunjwe, alijiambia. Ni mimi.

Jumatano Gedion alitoka asubuhi, akarudi saa saba. "Mtandao wao uko chini," akasema. Alhamisi alisema foleni ilikuwa ndefu, akashindwa kusimama. Ijumaa walikwenda tena kliniki, Cheruto akiamini kwamba Salmin ataona huruma. Salmin alijaribu vidole tena, akavipangusa kwa spiriti, akavipaka mafuta, akavibonyeza mpaka Gedion akakunja uso. Mtambo ukakataa. Wagonjwa wenzake walipita wakaenda kulala kwenye vitanda vyao, na mmoja, mama mnene aliyetoka Bahati, akamwambia Cheruto, "Mwombee aingie hata kwa deni, huyu anageuka rangi." Kana kwamba deni hutolewa kwa uso.

Walirudi nyumbani bila mashine kwa mara ya pili.

&nbsp;

Jumamosi Cheruto alikwenda kwa Micah mwenye cyber karibu na stendi ya bodaboda. Micah ndiye aliyewafungulia akaunti ya bima miaka ile, kwa hiyo aliona huenda akajua njia ya uchochoroni.

"Kuna njia ya imeili," Micah akasema, akipapasa vitufe. "Ukikosa laini, unaweza kuingia na imeili. Password yake mnakumbuka?"

"Wewe ndiye uliweka."

"Mimi huweka kwa watu mia moja kwa wiki, mama. Niliwaandikia kwa karatasi." Aliona uso wa Cheruto akaacha habari ya karatasi. "Sawa. Tubonyeze hapa, kwamba tumesahau. Inasema… inasema itatuma code."

"Wapi?"

Micah alijikuna shingo. "Mbili-mbili-sita."

Cheruto akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na vijana waliokuwa wakichapisha fomu wakageuka kumtazama. Bima inataka laini, imeili inataka laini, na laini ilizikwa na wazee wa kanisa kwa chai na maandazi.

"Lakini mambo haijaisha," Micah akamtuliza. "Mzee aende na kitambulisho kwa duka la simu. Kama line iko kwa jina yake wanamrudishia ile ile namba. Hata kama ilikatwa vipande. Code zote zitaanza kuingia tena."

"Ameenda mara mbili. Mtandao wao uko chini."

Micah akaacha vitufe. "Lini?"

"Jumatano. Na Alhamisi kulikuwa na foleni."

"Mimi nilikuwa kwa hilo duka Jumatano, mama. Hata Alhamisi. Nilikuwa peke yangu kwa kaunta."

Alisema hivyo bila nia mbaya, akaendelea kufunga kurasa zake. Cheruto alibaki ameshika pochi yake kwa mikono miwili, na hata kumlipa Micah akasahau.

Hakumuuliza Gedion siku hiyo. Alimkuta ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Binti yao Kimberly alikuwa akimpepea kwa gamba la daftari. Unamuulizaje mtu wa namna hiyo kwa nini amedanganya? Jumapili Mzee Elphas na wenzake walipita baada ya ibada, wakaweka mikono juu ya kichwa chake, wakakemea ugonjwa kwa jina. Gedion alifumba macho wakati wote. Cheruto hakufumba.

&nbsp;

Jumatatu alimpandisha bodaboda, yeye nyuma amemshikilia kiuno, wakaenda mjini. Dukani kulikuwa na watu saba tu. Gedion alisema atangoja nje, Cheruto akasema hapana.

Msichana wa kaunta alikuwa mpole. Alipokea kitambulisho cha Gedion, akaandika namba, akasoma, akaandika tena. Kisha akainua macho, akamtazama Gedion, wala si Cheruto.

"Samahani mzee. Hii line haiko kwa jina yako."

"Haiwezekani," akasema Cheruto. "Ni yake miaka minne."

"Ni kweli ilikuwa inatumika, lakini ilisajiliwa na kitambulisho ya mtu mwingine. Sisi tunarudishia mwenyewe tu. Akuje na ID yake, ni dakika kumi."

"Mtu gani?"

"Hiyo siwezi kusema, mathe. Ni siri ya mteja."

Cheruto akageuka. Gedion alikuwa ameshika ukingo wa kaunta, macho yake yako kwenye sakafu. Jasho lilikuwa likimtoka kipajini ijapokuwa duka lilikuwa na baridi. Hapo ndipo Cheruto alipoelewa, na akatamani asingeelewa mbele ya watu.

"Ni yeye?"

Gedion akajipangusa jasho.

"Baba Kim, nakuuliza. Ni Zeddy?"

Wale watu saba walikuwa wameacha simu zao. Msichana wa kaunta akajifanya anapanga karatasi.

"Nilikuwa nimepoteza kitambulisho," Gedion akasema. Kila neno lilitoka na pumzi yake. "Nilihitaji line ya kazi. Akaichukua kwa kitambulisho chake. Ni hivyo tu."

"Siku sita! Siku sita unavimba mbele yangu, na unajua mtu wa kwenda kwake ni nani!"

"Mama Kim, watu."

"Watu wamesikia tayari."

Mlinzi alileta kiti cha plastiki. Gedion akakiketia, akainama, akakohoa povu jepesi kwenye leso. Cheruto alitazama lile povu. Hasira yake yote ilikuwepo, hata tone halikupungua, lakini hakukuwa na nafasi ya kuitumia.

"Anapika wapi sasa?" akauliza.

"Milimani. Mjengo wa gorofa, nyuma ya lile kanisa la mawe."

&nbsp;

Zeddy alikuwa mama wa chakula cha mafundi, na kibanda chake cha mabati kiliegemea ukuta wa jengo lisilokwisha, kwenye barabara yenye miti mikubwa na mageti yasiyo na majina. Alikuwa akipakua githeri. Cheruto alitarajia mwanamke mdogo kuliko yeye, mwenye kucha za rangi. Alimkuta mtu wa rika lake, leso kichwani, mkono una alama ya kuungua na sufuria. Jambo hilo lilimuuma zaidi.

Zeddy alimjua mara moja. Aliweka upawa chini.

"Mama Kim. Karibu ukae."

"Sikai."

"Sawa."

Mafundi waliokuwa kwenye benchi wakainamia sahani zao. Wengi walikuwa wamefanya kazi na Gedion. Cheruto alijua kwamba wanamjua yeye ni nani, na kwamba habari ya Zeddy waliijua tangu zamani, na kwamba kabla ya saa kumi habari itakuwa imefika Kaptembwo. Akameza mate. Njiani, baada ya kumwacha Gedion dukani kwenye kiti cha mlinzi, alikuwa amepanga maneno ya kusema bila kuomba. Sasa aliona hakuna maneno ya aina hiyo.

"Gedion ni mgonjwa. Ya figo. Mashine inataka code, na code inaenda kwa ile laini. Iko kwa jina lako. Nakuomba uje mjini na kitambulisho."

"Amekosa mashine tangu lini?"

"Leo siku ya kumi."

Zeddy alianza kufungua aproni yake. "Na kwa nini hakuniambia? Namba yangu si anaijua." Kisha akasikia alichokisema, akamtazama Cheruto. "Samahani."

"Alikuwa anaona ni afadhali afe."

"Huyo ni Gedion kabisa," Zeddy akasema, kwa uchungu wa mtu anayemjua mtu. "Miguu ilianza kuvimba mwaka jana, tukiwa kwa ile nyumba ya Section 58. Nilimwambia aende apimwe. Akasema ni viatu."

Mwaka mzima kabla ya mashine. Cheruto alihesabu kimoyomoyo. Mwaka mzima mwanamke huyu alikuwa ameiona miguu hiyo, na yeye nyumbani akiambiwa ni viatu. Alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kumuuliza ni nini kingine alichokiona.

"Utakuja?"

"Naja. Lakini nisikudanganye, Mama Kim. Laini nitaiweka kwa simu yangu. Iko kwa jina langu, ikifanya makosa ni mimi nitashikwa. Code ikiingia, mtanipigia nitawasomea."

"Sawa," akasema Cheruto. Angekubali hata kuambiwa apige magoti.

Zeddy akamwachia fundi mmoja sufuria zake, wakashuka mjini kwa bodaboda mbili tofauti.

&nbsp;

Jumanne asubuhi Gedion aliingizwa kliniki kwa kiti cha magurudumu. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Pumzi yake ilisikika kutoka mlangoni, na nesi aliyemwona akamwambia Salmin, "Fanya haraka na hiyo kitu yako, huyu amejaa maji mpaka kifuani."

"Imetumwa. Inakaa dakika tano, kisha inakufa."

Cheruto alipiga simu. Zeddy alipokea kabla hata haijalia mara mbili. Nyuma yake kulisikika mashine ya kuchanganya zege.

"Imeingia. Nne, sifuri, saba. Saba, moja, tisa. Umepata?"

Cheruto akazirudia kwa sauti, kliniki nzima ikisikia. Salmin akaandika. Mtambo ukakubali bila mbwembwe, rangi ya kijani kwenye kioo, na manesi wawili wakamchukua Gedion mbio.

"Mama Kim," Zeddy akasema kwenye simu. "Anapumua?"

"Anapumua."

"Haya."

Salmin alitaka code ya pili, ya kubadilisha namba, ili jambo hilo liishe kabisa. Zeddy akaisoma nayo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameliwazia swali lenyewe tangu jana: "Sasa nimalizane na hii laini? Nikiivunja, hakuna kitu yenu ingine imebaki ndani?"

Kulikuwa na imeili. Nyuma ya imeili kulikuwa na vyeti vya Kimberly, karatasi za plot yao ya Mau Narok, na vitu ambavyo Cheruto hata hakuvijua. Alisimama hapo na simu sikioni. Januari alikuwa amepigiwa vigelegele kwa sababu ya laini hii.

"Usiivunje," akasema. "Nakuomba. Ngoja kwanza."

"Mpya tuweke ya nani?" Salmin aliuliza. "Ya mzee, hii ya sasa?"

"Hapana," akasema Cheruto. "Weka yangu."

Akaitaja polepole, tarakimu baada ya tarakimu.

&nbsp;

Gedion hakufa. Daktari alisema maji yaliyokaa kifuani yamechosha moyo. Kubeba mawe kumekwisha, na kupanda ngazi apande kwa mapumziko. Alilazwa siku mbili, akarudi nyumbani Alhamisi amepungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya shati. Nyumba ilijaa wageni, wazee wa kanisa wakaja kumshukuru Mungu, na hakukupatikana nafasi ya mtu na mkewe kuzungumza.

Nafasi ilipatikana Ijumaa, kliniki, kwenye viti viwili mbele ya meza ya Salmin.

"Imetumwa," akasema Salmin.

Simu ikatetemeka mkononi mwa Cheruto. Aliziona zile namba sita. Akakilaza kioo kwenye paja lake.

"Nataka kukuuliza kitu," akamwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Uliniangalia nikizunguka kama mwendawazimu. Ulikuwa unaficha nini? Habari ya kitambulisho peke yake haiui mtu."

"Si saa ya hayo maneno, Mama Kim."

"Saa ni hizi dakika tano za code."

Gedion alimtazama, kisha akaitazama simu. Alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Cheruto hakucheka.

"Mama Kim, code?" Salmin akaita.

"Bado haijaingia," akasema Cheruto.

Gedion alikuwa ameusikia mtetemo. Alikuwa ameuona mwanga. Uso wake ukabadilika polepole, na mkono wake uliokuwa umelala kwenye goti ukaanza kulishika hilo goti kwa nguvu. Alimtazama mwanamke aliyemwogesha miezi sita, aliyempikia bila chumvi, aliyempandisha bodaboda akimshika kiuno, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe alimwogopa. Cheruto aliiona hofu hiyo. Ilimhuzunisha. Hakuigeuza simu.

"Niliendelea," Gedion akasema. "Hata baada ya wazee."

"Mpaka lini?"

"Juni."

"Juni ulikuwa unaumwa. Ulikuwa hapa."

"Ni hapa." Alikuwa akinong'ona. "Ijumaa. Ukiniacha kwa mashine ukienda kwa kibanda. Alikuwa anakuja anakaa na mimi mpaka karibu umalize kuuza. Halafu Juni akasema amechoka kujificha. Nilijua ukienda kwake atakuambia."

Zeddy hakuwa amemwambia. Cheruto aligeuka kumtazama Salmin. Salmin alikuwa ameinamia vitufe vyake asivyovibonyeza, masikio yamemwiva. Nesi aliyekuwa akipita na beseni akapunguza mwendo, kisha akauongeza. Walijua, wote. Kila Ijumaa walikuwa wamempokea kwa "habari ya asubuhi, Mama Kim", wakamuuliza habari ya mboga, kisha wakamwona anatoka na mwingine anaingia.

"Imeisha muda," akamwambia Salmin. "Tuma ingine."

Salmin akatuma. Simu ikatetemeka tena. Gedion alikuwa amefumba macho, anangoja, na mshipa wa shingo ulikuwa ukimpiga.

Cheruto akaisoma, namba zote sita, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni. Akamsaidia mumewe kusimama, akamvua koti, akamkabidhi kwa nesi. Siku hiyo hakwenda kibandani. Alivuta kiti karibu na mashine akaketi, mikono juu ya pochi, akiitazama damu inavyotoka na kurudi. Maswali yalikuwa bado mengi, na Jumanne haikuwa mbali.